Kutoka Mtoto wa Bandia hadi Akili Bandia: Maana na Matumizi ya Neno Bandia katika Kiswahili cha Afrika Mashariki

Ikisiri

Neno bandia limo katika kamusi za awali za Kiswahili kama jina la mwanasesere, yaani kifaa cha mchezo cha mtoto. Leo wazungumzaji wengi hulitumia kama kivumishi chenye maana mbili zinazovutana: kitu kilichotengenezwa ili kishike nafasi ya kitu cha asili, na kitu kilichotengenezwa ili kudanganya. Makala haya yanafuatilia safari ya neno hilo kutoka nomino hadi kivumishi, yanapendekeza vipimo vitatu vya kuzitenganisha maana zake, na yanaonyesha kwamba utata wake una gharama katika afya, kilimo na teknolojia. Kinyarwanda, ambacho hugawa dhana hizo kwa maneno tofauti, kinatumiwa kama kioo. Makala yanahitimisha kwa mapendekezo kwa watunga istilahi na washauri wa sera katika nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki.

1. Utangulizi

Msomaji wa gazeti la Kiswahili anaweza kukutana na neno bandia mara tatu katika toleo moja, na kila mara akakuta maana nyingine. Ukurasa wa michezo utamweleza kuhusu uwanja wa nyasi bandia. Ukurasa wa afya utataja hospitali inayotengeneza viungo bandia. Ukurasa wa habari za mahakama utaripoti mtu aliyenaswa na noti bandia. Nyasi ni za kujivunia, kiungo ni cha kumsaidia mgonjwa, noti ni ya kumpeleka mtu gerezani. Msomaji mzoefu hapati taabu, kwa kuwa kila nomino imekwisha kumwandalia tafsiri. Taabu huanza pale nomino inapokuwa mpya, au msomaji anapokuwa mgeni wa lugha.

Hali zote mbili zimekuwa za kawaida. Kiswahili kilifanywa lugha rasmi nchini Rwanda mwaka 2017. Mwaka 2021 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walikiingiza miongoni mwa lugha rasmi za Jumuiya. Mwaka 2022 baraza la mawaziri la Uganda liliidhinisha kifundishwe kwa lazima shuleni. Hivyo wanaojifunza neno hili darasani, bila kulisikia mapajani mwa bibi, wanaongezeka, na nyaraka zinazolibeba zinavuka mipaka. Swali la makala haya ni hili: neno lililokuwa jina la kifaa cha kuchezea lilifikaje kubeba hukumu mbili zinazopingana, na nini kifanyike ili hukumu hizo zisichanganywe mahali ambapo kosa lina madhara?

2. Bandia miongoni mwa majina ya mwanasesere

Kiswahili kina majina kadhaa ya kifaa kinachofanana na mtu ambacho mtoto hukibeba, hukilaza na kukivika nguo. La kitabuni zaidi ni mwanasesere, ambalo huandikwa pia mwanaserere. Ni nomino ambatani ambayo sehemu yake ya kwanza ni mwana. Sehemu ya pili haisimami peke yake katika matumizi ya leo. Kwa sababu ya mwana, nomino hii huchukua upatanisho wa viumbe hai: mwanasesere amelala, wanasesere wamevunjika. Sarufi humpa mwanasesere uhai ambao mtoto naye humpa katika mchezo.

La mitaani, hasa Tanzania, ni mdoli. Neno hili limetoka katika Kiingereza, likavikwa kiambishi m- na kupata wingi midoli. Maana yake imepanuka: huitwa mdoli dubu wa manyoya, sanamu ya dukani inayovishwa nguo za kuuza, na katika wingi hata vitu vya kuchezea kwa ujumla. Upatanisho wake haujatulia. Wako wasemao mdoli amevunjika na wako wasemao mdoli umevunjika. Jina la tatu, karagosi au kikaragosi, lina asili katika Karagöz, mhusika wa mchezo wa vivuli wa Kituruki. Limehamia siasani, ambako karagosi ni mtu anayechezeshwa na wengine, jirani wa kibaraka.

Bandia ni la nne, na kwa wazungumzaji wengi wa leo limekwisha kusahaulika kwa maana hiyo. Limesalia katika kirai mtoto wa bandia, ambacho bado kinaeleweka na wengi kuwa ni mwanasesere. Ikumbukwe pia kwamba katika tamaduni za ukanda huu si kila umbo la mtoto ni la kuchezea. Wazaramo wana mwana hiti, kinyago cha mti ambacho mwali alikuwa nacho wakati wa kufundwa. Mwana hiti si mtoto, lakini hakuna ambaye angesema kwamba ni wa uongo. Umbo hilo ni mfano uliokubaliwa na jamii, na kila anayelishika anajua ni mfano.

Sifa hiyo ndiyo kiini cha maana ya awali ya bandia. Mtoto aliyefunga vitambaa kwenye gunzi la hindi na kukiita alichokitengeneza mwanawe hamdanganyi mtu. Mama anayemuuliza kama mwana amekula naye hajadanganyika. Mfanano upo wazi, na pande zote mbili zinaujua. Mwanasesere ni mfano usiofichwa.

3. Njia ya kisarufi: kutoka nomino hadi kivumishi

Mabadiliko ya maana ya bandia yanaweza kuelezwa kwa hatua tatu za kisarufi ambazo athari zake bado zinaonekana.

Katika hatua ya kwanza bandia ni nomino kamili: mtoto anacheza na bandia. Hatua ya pili ni ya a-unganifu: mtoto wa bandia. Muundo huu una tafsiri mbili. Unaweza kueleweka kama mtoto ambaye ni bandia, kama tusemavyo mji wa Kigali. Unaweza pia kueleweka kwamba wa bandia ni sifa, kama tusemavyo mtu wa kweli au chakula cha kawaida. Katika tafsiri ya pili, bandia si jina la kitu tena. Ni namna ya kuwa, kinyume cha halisi. Mara tafsiri hii inapokubaliwa, hakuna kizuizi cha kuihamishia kwenye nomino nyingine: meno ya bandia, nywele za bandia, maua ya bandia.

Katika hatua ya tatu a-unganifu huachwa: meno bandia, maua bandia, noti bandia. Sasa neno limeingia katika kundi la vivumishi visivyochukua viambishi vya ngeli, pamoja na safi, hodari, ghali na rahisi. Kiswahili kina pia mtindo wa kuweka nomino kando ya nomino, kama katika askari kanzu, na bila shaka mtindo huo ulirahisisha hatua hii. Leo miundo ya hatua ya pili na ya tatu huishi pamoja: meno ya bandia na meno bandia ni kitu kimoja. Mtoto wa bandia, hata hivyo, hushikilia a-unganifu kwa mazoea, jambo linaloonyesha kuwa kirai hicho ni cha zamani kuliko vingine.

Katika safari hii neno lilipoteza jambo moja muhimu. Lilipokuwa jina la mwanasesere lilibeba mfanano pamoja na uwazi wa mfanano. Lilipokuwa kivumishi lilibaki na mfanano peke yake. Kama mfanano huo uko wazi au umefichwa, neno halisemi tena. Jibu hutafutwa katika nomino inayolitangulia. Hapo ndipo maana mbili zilipozaliwa.

4. Maana mbili na vipimo vitatu

Maana ya kwanza inaweza kuitwa bandia ya kibadala: kitu kimetengenezwa ili kifanye kazi ya kitu cha asili, na anayekitumia anajua. Ya pili ni bandia ya hila: kitu kimetengenezwa ili kichukuliwe kuwa ndicho, na anayekipokea hajui. Vipimo vitatu husaidia kuzitenganisha.

Kipimo cha kwanza ni cha kazi. Huulizwa: je, X bandia hufanya kazi ya X? Mguu bandia hutembea. Nyasi bandia huchezewa mpira. Noti bandia hainunui kihalali, na cheti bandia hakimfanyi mtu kuwa mhitimu.

Kipimo cha pili ni cha umiliki. Mtu anaweza kusema hadharani, “Mguu wangu bandia unahitaji kurekebishwa,” bila kupoteza heshima. Akisema, “Cheti changu bandia kimechakaa,” amekiri kosa. Bandia ya kibadala hukubali kumilikiwa na nafsi ya kwanza. Bandia ya hila huikimbia.

Kipimo cha tatu ni cha vitenzi vinavyoandamana. Bandia ya kibadala huandamana na vaa, wekwa, funga, tengenezewa na pandikiza. Bandia ya hila huandamana na kamata, nasa, ingiza, sambaza na teketeza. Mwandishi akisema kwamba shehena ya kitu fulani bandia imeteketezwa, msomaji hahitaji maelezo zaidi.

Vipimo hivi vinaonyesha kwamba utata wa bandia kwa kawaida hutatuliwa na muktadha. Ndiyo hoja ya wanaosema kwamba hakuna tatizo: wazungumzaji wanaelewana. Hoja hiyo ni sahihi kwa nomino zilizozoeleka, lakini haitoshi kwa nomino mpya. Damu bandia ni ya kuokoa maisha au ya kuua? Figo bandia je? Msikilizaji ambaye hajawahi kuvisikia virai hivi hana mazoea ya kumwongoza, na anayevisikia kwa mara ya kwanza mara nyingi huwa mgonjwa.

5. Bandia, ghushi na feki

Bandia ya hila haiko peke yake; inashindana na ghushi na feki. Maneno haya hutumiwa kana kwamba ni visawe, lakini kila moja hutazama jambo kwa upande wake.

Ghushi asili yake ni kitenzi, nacho hutaja tendo. Kughushi hati ni kosa la jinai, na penye kughushi pana mghushi. Kusema hati imeghushiwa ni kudai kwamba yupo mtu aliyekusudia udanganyifu. Bandia hutaja hali ya kitu na hunyamaza kuhusu mtendaji. Mwenye duka anaweza kuuza bidhaa bandia bila yeye kuwa mghushi. Feki, lililotoka katika Kiingereza, ni la mitaani, nalo hutoa hukumu ya jumla: kitu hakifai, kimetengenezwa ovyo, au kinadanganya. Simu inayoharibika mapema huitwa feki hata kama kiwanda kilichoitengeneza ndicho kilichoandikwa juu yake.

Tofauti hii hujitokeza katika maisha ya umma. Mwezi Aprili 2017 serikali ya Tanzania ilipopokea matokeo ya uhakiki wa vyeti vya watumishi wa umma, idadi iliyotangazwa ilikuwa watumishi 9,932. Mitaani na katika vichwa vya habari kirai kilichotawala kilikuwa vyeti feki. Katika lugha ya kisheria kosa ni kughushi. Kwa aliyeondolewa kazini, uchaguzi wa neno ulikuwa mzito. Cheti kuwa na kasoro ni jambo moja, na kudaiwa kukighushi ni jambo lingine.

Taasisi nazo hazifanani. Nchini Tanzania mapambano dhidi ya biashara hii hufanywa zaidi kwa jina la bidhaa bandia. Nchini Kenya, ambako Sheria ya Kupambana na Bidhaa hizo ni ya mwaka 2008, neno ghushi limeshika sana katika vyombo vya habari. Afisa wa forodha wa Uganda au Burundi anayesoma nyaraka kutoka pande zote mbili ana haki ya kuuliza kama anasoma kuhusu kosa moja au makosa mawili.

6. Mahali ambapo utata una gharama

Mfano wa kwanza ni dawa. Mwezi Mei 2017 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulikubali kuachana na istilahi ya zamani iliyochanganya mambo mengi, na kutenga makundi matatu. La kwanza ni dawa duni: zimeidhinishwa, lakini hazikufikia viwango vya ubora, kwa mfano kwa sababu ya uzalishaji au uhifadhi mbaya. La pili ni dawa zisizosajiliwa: hazijapitia idhini ya nchi zinakouzwa. La tatu ni dawa zilizoghushiwa: utambulisho, viambato au chanzo chake vimepotoshwa kwa makusudi. Suala la alama za biashara liliachwa kwa sheria za hakimiliki za viwanda. Mwaka huohuo Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika nchi za kipato cha chini na cha kati, takribani bidhaa 1 kati ya 10 za tiba ni duni au imeghushiwa.

Katika Kiswahili cha habari, makundi yote matatu huitwa dawa bandia. Matokeo yake si ya kinadharia. Dawa duni huhitaji kukaguliwa kwa kiwanda, ghala na usafirishaji. Dawa isiyosajiliwa huhitaji hatua za msajili na forodha. Dawa iliyoghushiwa huhitaji polisi. Tangazo linaloziita zote bandia humfanya mwananchi aamini kwamba mhalifu yupo nyuma ya kila kidonge kibovu. Mbaya zaidi, mgonjwa aliyesikia kwamba dawa za malaria za zahanati ni bandia anaweza kuacha dozi nzima, ilhali ni toleo moja tu lililoondolewa kwa sababu ya uhifadhi.

Mfano wa pili ni mbolea, nao unafundisha zaidi kwa sababu Kiswahili kimekwisha kulitatua tatizo. Mbolea iliyotengenezwa kiwandani, kwa mantiki ya bandia ya kibadala, ingeweza kuitwa mbolea bandia. Haikuitwa hivyo. Wakulima na mabwana shamba husema mbolea ya viwandani au mbolea ya chumvichumvi, na mbolea bandia imebaki kuwa ya hila tu. Vivyo hivyo mbegu za kisasa huitwa chotara, na upandikizaji wa mbegu za madume kwa mifugo huitwa uhimilishaji. Katika sekta ambayo mkulima anaweza kupoteza msimu mzima kwa kutapeliwa, lugha imejilinda yenyewe. Sakata la mbolea ya ruzuku nchini Kenya mwaka 2024 lilionyesha faida yake: maneno ghushi, feki na bandia yalipokezana katika mjadala, lakini hakuna aliyedhani kwamba mbolea yote ya viwandani inashutumiwa.

Mfano wa tatu ni teknolojia. Kwa mfumo wa kompyuta unaofanya kazi za kiakili, istilahi tatu zinashindana: akili bandia, akili mnemba na akili unde. Akili bandia ina faida ya kueleweka mara moja. Hasara yake huonekana inapokutana na ndugu zake. Mfumo huo huweza kutengeneza picha, sauti na video za kudanganya, ambazo huitwa picha bandia na video bandia. Sentensi kama “video bandia iliyotengenezwa kwa akili bandia” hutumia kivumishi kimoja kwa chombo na kwa kosa lililotendwa kwa chombo hicho. Mtunga sheria anayetaka kuruhusu cha kwanza na kuadhibu cha pili atalazimika kufafanua neno moja mara mbili katika kifungu kimoja.

7. Funzo kutoka Kinyarwanda

Kinyarwanda, jirani wa Kiswahili kwa ukoo na kwa mipaka, kimegawa eneo hili kwa njia nyingine. Mwanasesere huitwa igipupe, neno lililotokana na Kifaransa, nalo halihusiki na dhana ya udanganyifu. Hati iliyoghushiwa ni inyandiko mpimbano, kutoka kitenzi guhimba, yaani kubuni au kuzua. Akili ya kompyuta huitwa ubwenge buhangano, kutoka guhanga, yaani kuumba au kuanzisha kitu. Kiungo bandia cha mwili ni insimburangingo, ambamo mna gusimbura, yaani kushika nafasi ya kingine. Hivyo dhana za kuzua, kuumba na kushika nafasi, ambazo Kiswahili huzibebesha kivumishi kimoja, hapa zina vitenzi vitatu.

Mafunzo ni mawili. Kwanza, mwanafunzi wa Kigali huja darasani akiwa tayari ana dhana tatu, na hupewa neno moja. Asipoelekezwa atajifunza maana aliyokutana nayo kwanza, ambayo kwa msomaji wa habari ni ya hila. Kisha atashangaa kusikia hospitali ikijivunia viungo bandia. Pili, mgawanyo huo unawezekana pia katika Kiswahili, kwa sababu vitenzi vinavyohitajika vipo: kughushi kwa kuzua, kuunda kwa kuumba, na bandia lenyewe kwa kushika nafasi.

8. Hitimisho na mapendekezo

Uchambuzi huu umeonyesha kwamba bandia halikuwa neno la udanganyifu tangu mwanzo. Lilikuwa jina la mfano uliojulikana na wote kuwa mfano. Maana ya hila ilipatikana baada ya neno kuwa kivumishi na kuacha kueleza kama mfanano umewekwa wazi. Si busara kujaribu kuifuta maana hiyo. Vichwa vya habari vitaendelea kusema noti bandia na dawa bandia, na hakuna baraza la lugha litakalovizuia. Kinachowezekana ni kuweka nidhamu katika maandishi ambayo serikali na Jumuiya ndizo zinazoyaandika.

Mapendekezo ni manne. Kwanza, mamlaka za dawa za nchi wanachama zitumie kwa pamoja dawa duni, dawa zisizosajiliwa na dawa zilizoghushiwa, na pale zinapolazimika kutumia dawa bandia katika matangazo kwa umma ziongeze sentensi moja inayotaja ni kundi gani. Pili, katika sheria na mikataba, kosa litajwe kwa kitenzi kughushi, na bandia liachwe kwa vibadala vinavyotumiwa kwa uwazi, kama viungo, meno na nyasi. Tatu, Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki na mabaraza ya kitaifa yakubaliane istilahi moja ya akili ya kompyuta isiyo na bandia ndani yake. Akili unde ina hoja nzuri, kwa sababu inahusishwa na kuunda, lakini makubaliano yana uzito kuliko chaguo lenyewe. Nne, watunga kamusi na vitabu vya kiada waihifadhi maana ya mwanasesere na kuiweka mwanzoni mwa kidahizo, kwani ndiyo inayoziunganisha nyingine zote.

Pendekezo la mwisho linaweza kuonekana dogo, lakini lina kazi kubwa darasani. Mwanafunzi anayefahamu kwamba mtoto wa bandia ni mwanasesere anao ufunguo wa kuuliza swali linalofaa kila anapokutana na neno hili: je, anayepokea kitu hiki ameambiwa kwamba ni mfano? Akiwa ameambiwa, ni kibadala. Akiwa amefichwa, ni hila, nayo sheria ina jina lake.